Baba hakunywa chanjo na hakuugua: je, ilimfaa nani?

SWALI

Asalaam alaykum dokta. Mimi ni mzaliwa wa Mwambe, Kusini Pemba, sasa naishi mjini Unguja. Mwaka 2009, nikiwa mtoto wa skuli, ililetwa kwetu chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Mama alikunywa mara mbili na akahakikisha sisi watoto tumekunywa. Baba alikuwa dago, kambini kwa wavuvi, aliporudi kazi imekwisha. Mwaka ule nyumbani hakuugua mtu, si aliyekunywa wala asiyekunywa. Hivi karibuni nimesoma kwamba chanjo ile "ilikinga kwa asilimia 79". Wamejuaje, na nusu ya watu hawakunywa? Au sisi tulikuwa watu wa kujaribiwa? Na kama ilifaa, mbona 2015 maradhi yalirudi? Mke wangu ana mimba, na nataka nijue la kufanya chanjo hizi zikiletwa tena.

JIBU

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na hilo la kujaribiwa, kwa sababu mtu mwenye dukuduku hilo moyoni hata ukimpigia hesabu mpaka jioni hasikii.

Chanjo mliyokunywa ni Dukoral. Ilipofika Mwambe haikuwa dawa ngeni: ilisajiliwa Sweden mwaka 1991, Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha mwaka 2001, na kabla ya kuja kwetu ilishatolewa mtaani Beira, Msumbiji, kati ya 2003 na 2004. Majaribio hasa, yale ya kuuliza kama chanjo za namna hii zinakinga au hazikingi, yalifanyika Matlab, Bangladesh, kuanzia 1985. Huko watoto na wanawake karibu 90,000 waligawanywa makundi matatu. Makundi mawili yalipata chanjo za kipindupindu za aina mbili, na kundi la tatu likapewa kinywaji chenye bakteria wengine waliouawa, wasiohusiana kabisa na kipindupindu. Mpewa hakujua amepewa nini, na mtoaji naye hakujua anatoa nini.

Zanzibar hapakuwa na chanjo bandia. Zilichaguliwa shehia sita zilizokuwa zikisumbuliwa na kipindupindu, tatu Unguja na tatu Pemba, na kila aliyetimiza miaka miwili alialikwa, isipokuwa waja wazito. Asiyekunywa hakukatazwa na mtu. Swali la Wizara ya Afya ya Zanzibar, Shirika la Afya Duniani na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo ya Seoul lilikuwa jengine: chanjo inayojulikana kwamba inafaa katika utafiti uliopangwa kwa makini, itafaa pia ikigawiwa na wahudumu wetu wenyewe, katika joto la kaskazi, kwa watu ambao wiki hii wako nyumbani na wiki ijayo wako baharini?

Kwa hiyo dawa haikuwa ya kujaribiwa. Lakini utafiti ulikuwapo, na hapo uko sahihi kuuliza. Nyumba zilihesabiwa na kuwekwa kwenye ramani, majina yaliandikwa, na kila aliyekwenda kituoni kwa kuharisha alifuatiliwa. Mtu aliyeandikwa jina lake ana haki ya kuletewa majibu mpaka barazani kwake. Watafiti wengi tunaona kazi imekwisha makala ikishachapishwa kwa Kiingereza, na matokeo yake ni mtu wa Mwambe kuja kujua habari za Mwambe miaka mingi baadaye, kwa bahati tu. Silipendi jambo hilo hata kidogo.

Sasa hesabu. Walioandikwa kuwa wanastahiki walikuwa 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili, Januari na Februari 2009, walikuwa 23,921, yaani nusu. Kuna la kustaajabisha hapo. Kabla ya kampeni watafiti walipita Chumbuni na kwenu Mwambe wakiuliza watu kama wangekubali chanjo hiyo ikiwa ya bure, na zaidi ya 9 kati ya 10 walisema wangekunywa. Wengine watasema watu ni waongo. Mimi sioni hivyo. Dukoral ilikuwa na usumbufu wake: ni kichupa kidogo pamoja na unga wa kuzuia asidi ya tumbo, unaokorogwa katika maji salama ya mililita 150, nusu yake kwa watoto wadogo, na mtu hatakiwi kula wala kunywa kwa saa moja kabla na saa moja baada. Halafu urudi tena baada ya wiki kadhaa. Aliye dago, aliye shamba mbali, aliyevuka na boti kwenda Unguja kutafuta riziki, huyo hakukataa chanjo. Chanjo ilimkosa, kama ilivyomkosa baba yako.

Baada ya dozi ya pili watu walifuatiliwa mpaka Mei 2010. Aliyefika kituoni akiharisha alichukuliwa choo na kikapimwa maabara. Hili ni muhimu, maana kuharisha kuna sababu nyingi, na ukihesabu kila kuharisha kuwa ni kipindupindu utaidhulumu chanjo kwa kuibebesha maradhi isiyoyahusu. Pemba tuna bahati ya kuwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000, na watafiti wake walishiriki kazi hii. Bila maabara inayoweza kuotesha bakteria, utafiti wa chanjo ya bakteria ni kubahatisha tu.

Asilimia 79 maana yake si kwamba katika watu 100 waliokunywa, 79 walipona na 21 wakaugua. Wengi huielewa hivyo, na wanaogopa bure. Ni ulinganisho wa makundi mawili. Tuseme kati ya watu 10,000 wasiokunywa wanaugua 100. Kukiwa na kinga ya asilimia 79, kati ya watu 10,000 waliokunywa wataugua 21. Hawa 9,979 waliobaki hawakuugua, lakini wengi wao wasingeugua hata bila chanjo, kwa sababu hata katika mlipuko watu wengi hawashikwi. Ndiyo maana nyumba moja, hata kumi, haiwezi kukuambia chochote. Mama hakuugua, baba hakuugua: chanjo iliyo nzuri na chanjo iliyo maji matupu zote zingeweza kuleta picha hiyo hiyo ndani ya nyumba yenu. Ndiyo maana ilibidi wahesabiwe watu makumi ya maelfu. Na hata hivyo wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wachache, kwa hiyo jibu lina upana wake: kitaalamu, kinga ya kweli inaweza kuwa popote kati ya asilimia 47 na 92. Mwandishi akikuandikia 79 peke yake amekuficha nusu ya habari. Lakini angalia ule upande wa chini: hata ikiwa ni 47, chanjo imefanya kazi.

Hapa mtu makini atauliza: aliyekunywa na asiyekunywa ni watu sawa? Si sawa. Mama anayewapeleka watoto mara mbili kwenye chanjo huenda ndiye huyo huyo anayechemsha maji na kufunika chakula. Asingeugua hata kama kichupa kingekuwa na maji ya kisima. Matlab hawakuwa na shida hii, kwa sababu nani apate nini kuliamuliwa kwa bahati nasibu. Zanzibar watu walijichagulia wenyewe, kwa hiyo ilibidi kulinganisha kwa kuzingatia umri, hali ya nyumba na mengine yanayoweza kupotosha.

Kuna njia nyengine ya kujikagua ambayo naipenda kwa ujanja wake: unaangalia maradhi ambayo chanjo haiwezi kuyagusa. Kama waliokunywa wameharisha kidogo hata kwa sababu zisizohusiana na kipindupindu, basi huo ni usafi wao, si chanjo. Kwa Dukoral ukaguzi huu unataka uangalifu zaidi. Ndani yake, pamoja na bakteria waliouawa, mna kipande kisicho na madhara cha sumu ya kipindupindu, na kipande hicho kinafanana na sumu ya aina fulani ya E. koli, bakteria wa tumboni, inayoharisha watoto. Kule Matlab chanjo hiyo ilipunguza kuharisha kwa E. koli hao kwa asilimia 67 katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha kinga hiyo ikayeyuka. Kwa hiyo si kila kuharisha "kwengine" kunafaa kuwa shahidi.

Haya, tuje kwa baba yako, ambaye kwangu mimi ndiye habari kubwa ya mwaka 2009 kuliko ile 79.

Watafiti, kwa kuwa walikuwa na ramani ya nyumba, waliwatazama wale wasiokunywa peke yao. Wakawauliza si "ulikunywa?" bali "majirani zako wangapi walikunywa?" Walioishi katika ujirani wenye waliokunywa wengi walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 75 kuliko walioishi katika ujirani wenye waliokunywa wachache. Watu hawa hawakuonja hata tone. Upana wa jibu hili ni mkubwa zaidi, kati ya 11 na 93, lakini haliko peke yake. Mwaka 2005 data za zamani za Matlab zilifanyiwa hesabu upya kwa kuwatazama waliopewa kinywaji bandia. Palipochanjwa chini ya asilimia 28 ya watu, katika kila 1,000 waliokunywa bandia waliugua kama 7. Palipochanjwa zaidi ya asilimia 51, waliugua kama mmoja na nusu. Tofauti ya karibu mara tano, kwa watu ambao hawakuchanjwa hata wao.

Inakuwaje? Vimelea vya kipindupindu huingia kwa mdomo, vikinusurika na asidi ya tumbo vinafika utumbo mwembamba, vinajishika kwenye ukuta wake, vinazaana na kumwaga sumu. Sumu ndiyo inayoufanya utumbo utoe maji kama maji ya mchele. Mgonjwa mmoja anatoa vimelea kwa mabilioni, na hata aliyeambukizwa bila kuumwa, na hao ndio wengi, anaweza kuvitoa kwa siku moja mpaka kumi. Chanjo ya kunywa huufundisha utumbo wenyewe kutengeneza kingamwili pale pale mlangoni, zinazovizuia vimelea kujishika. Visipojishika havizaani, na visipozaana haviendi chooni, kisimani, wala mkononi mwa anayetia chakula. Hebu fikiria mtaa wa nyumba za makuti na moto umeshika moja: ukikuta katikati yake nyumba za bati, moto unakosa pa kurukia, na yule mwenye makuti aliye nyuma ya mabati anasalimika ingawa paa lake halijabadilika. Mama yako na majirani zenu ndio walioezeka bati.

Kwa hiyo chanjo ilimfaa nani? Yamkini ilimfaa na baba. Hakuna atakayekuapia kwamba baba yako, yeye hasa, alikingwa na chanjo ya mama yako. Hesabu za namna hii zinasema juu ya kundi, hazisemi juu ya mtu. Na hapa pana jambo linalowachanganya hata madaktari: kinga ya jirani huifanya chanjo ionekane dhaifu kuliko ilivyo. Ukilinganisha waliokunywa na wasiokunywa wa mtaa mmoja, wasiokunywa nao wamekingwa kiasi, basi tofauti kati yao inapungua. Kadiri chanjo inavyoukinga mtaa wote, ndivyo alama yake ya moja kwa moja inavyopungua. Serikali inayopima faida ya chanjo kwa ile 79 peke yake inajipunja.

Usichukue hili ukalitia kwa kila chanjo. Pepopunda, kwa mfano: bakteria wake wanakaa kwenye udongo na kuingia kwa jeraha, hawapiti kwa mtu hata mmoja. Majirani zako wote wakichanjwa pepopunda na wewe hukuchanjwa, msumari wenye kutu haukujui wala hauwajui wao. Chanjo ya nimonia wanayopewa watoto wetu tangu 2013 iko upande wa pili kabisa: bakteria wake hukaa puani mwa watoto, ukiwaondoa huko unawakinga mpaka mabibi na mababu. Kipindupindu kiko katikati. Kinapita kwa watu, na hapo chanjo inakikata. Lakini kimelea chake kinaweza pia kuishi katika maji ya chumvi yanapokutana na ya mto, kikijishika na viumbe vidogo vidogo, bila kumhitaji binadamu. Kwa hiyo kinga ya jirani inakipunguza, haikimalizi.

Hapo ndipo lilipo jibu la 2015. Kinga ya chanjo hizi si ya maisha. Ya Dukoral inahesabiwa kwa miaka miwili hivi. Chanjo iliyofuatia, Shanchol, ilipofuatiliwa Kolkata, India, ilikuwa bado inakinga kwa asilimia 65 ukijumlisha miaka mitano. Mlipuko wa 2015 na 2016, ulioshika maelfu ya watu Unguja na Pemba, umekuja miaka sita na zaidi baada ya dozi ya pili. Waliokunywa kinga yao ilishapungua, watoto waliozaliwa baadaye hawakunywa kabisa, na waliohamia walikuwa hivyo hivyo. Isitoshe, zilichanjwa shehia sita tu za visiwa vizima. Na kipindupindu ni msafiri. Ule wa 1869 na 1870, daktari Mskoti James Christie aliyekuwa akifanya kazi Unguja aliufuatilia akauona umeshuka kutoka bara na misafara mpaka Pangani, kisha ukavuka. Ule wa 1978 ulianzia katika kijiji cha wavuvi, ukawashika watu 411 na kuua 51. Visiwa vyenye bandari na madago haviwezi kujifungia mlango.

Mtu akikwambia "basi bora fedha ziende kwenye maji na vyoo", mjibu kuwa ni kweli, na chanjo ndiyo inayonunua muda wa kuyajenga. Mpango wa Zanzibar wa kutokomeza kipindupindu, wa 2018 mpaka 2027, umeviweka vyote viwili pamoja. Bomba la maji halilazwi kwa wiki mbili, chanjo inatolewa kwa wiki mbili. Anayezigombanisha hizi mbili hajawahi kusimama katika kambi ya kipindupindu wakati wa masika.

Nimalizie na mke wako, Mungu amjaalie salama. Mwaka 2009 waja wazito hawakualikwa, kwa tahadhari. Lakini palikuwa na wanawake waliokunywa wakiwa hawajajua kuwa wana mimba, na wakafuatiliwa hapa hapa Zanzibar pamoja na wenzao ambao hawakunywa. Haikuonekana tofauti ya kueleweka katika kuharibika mimba wala katika hali ya watoto waliozaliwa. Kwa ushahidi huo na wa kwengine, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilielekeza waja wazito waingizwe katika kampeni za chanjo za kunywa zenye bakteria waliouawa. Linalotisha ni kipindupindu chenyewe: mama akikaukiwa na maji, mtoto tumboni ndiye anayeumia mwanzo. Kwa hiyo ikiletwa, anywe, na amwambie mhudumu kuwa ni mjamzito ili iandikwe.

Mtakayoletewa safari hii huenda isiwe Dukoral. Siku hizi zinazotumika zaidi ni za jamii ya Euvichol, zinazotengenezwa Korea Kusini: mililita moja na nusu katika kichupa laini cha plastiki, haina unga wala maji ya kukorogea, na inatolewa kuanzia mwaka mmoja. Kwa kawaida ni dozi mbili, zikiachana wiki mbili au zaidi. Lakini tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, penye mlipuko hutolewa dozi moja. Msishangae wala msidhani mmepunjwa. Dozi moja ina kazi yake, ila ni ya muda mfupi, na kwa watoto walio chini ya miaka mitano ni dhaifu: katika utafiti wa Dhaka haikuwakinga kwa kiasi cha kutegemewa. Mwenye mtoto mdogo aendelee na kuchemsha maji na kunawisha mikono kama vile mtoto hajapata kitu.

Na aliyekunywa chanjo akiharisha maji ya mchele, msikae nyumbani mkisema "huyu kachanjwa". Anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Mpeni maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, hapo hapo, anywe njiani, na mumfikishe kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.